Baba na Picha Mbili za Daraja Moja

Jumamosi, mchana. Jua lipo lakini halifanyi kazi yoyote. Julai ya Songea ndiyo hivyo: jua unaliona, sweta umevaa, na upepo bado unakupita kama hujavaa kitu.

Nimekaa na kompyuta mezani, chai imepoa, na nimeudhika. Nimeudhika tangu Alhamisi. Kusema kweli nimeudhika muda mrefu sana, ila Alhamisi ndipo udhia wangu ulipopata sura.

Ninyi mnaosoma blogu hii ni wachache na nadhani nawajua karibu wote, kwa hiyo mnajua pia kwamba nilistaafu kufundisha sanaa chuoni nikagundua siwezi kukaa kimya. Tangu Mei natoa mihadhara kila Alhamisi jioni katika ukumbi mmoja hapa Majengo. Inahusu wale wachoraji wa Ulaya wa zamani waliotoka vyumbani wakaenda kuchora nje, juani, haraka haraka kabla mwanga haujahama. Baada ya hao, wale waliowafuata wakaenda mbali zaidi. Vitabuni wanaitwa Waimpreshonisti. Kwenye tangazo la kwanza niliandika jina hilo, na Otmari anayetunza ukumbi akaniita pembeni kuniuliza kama ni dhehebu jipya, maana hataki matatizo na parokia. Tangazo la pili niliandika Wachoraji wa Mwanga.

Hata hivyo bado alikuwa na wasiwasi.

Watu huja. Si wengi, lakini huja. Kuna walimu wenzangu wastaafu, kuna fundi wa picha za pasipoti, kuna mama mmoja anayekuja kwa sababu nyumbani kwake kuna kelele. Na kuna dada Rehema, mfanyabiashara wa khanga na vitenge, mzaliwa wa Nakapanya aliyeolewa huku. Huyo hakosi. Anapenda rangi kama mtu anavyopenda chakula, na akiona picha nzuri anasema "Mashallah" kwa sauti ya mtu aliyeonja.

Na kuna baba yangu.

Baba, Mzee Oswini, ni seremala. Nasema ni, siyo alikuwa, kwa sababu ukisema alikuwa atakusahihisha. Milango ya nusu ya mtaa huu ameitengeneza yeye. Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimwambia wazi: Mzee, hii inatolewa, ni kazi ndogo, utaona tena. Baba akamshukuru, akavaa kofia, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo macho yake ni mazima.

Ni mazima! Amemimina chumvi kwenye chai yake akainywa yote ili nisijue. Amelisalimia koti langu lililoanikwa kwenye kamba, akaliuliza na habari za watoto. Anang'ang'ania kuchambua maharage kwa sababu hiyo ni kazi ya mtu anayeona, na mimi nimevunjika jino kwa jiwe. Nilipomwonyesha lile jiwe akasema siku hizi maharage ya Namtumbo yameharibika.

Nimemsihi na nimemnunia. Nimewaleta kaka zangu wamsihi. Padri naye amemsihi. Anatusikiliza wote kwa adabu kubwa kisha anasema, "Nimesikia." Baba akisema nimesikia ujue mlango umefungwa, tena mlango wa mninga.

Anakuja kwenye mihadhara kwa sababu siwezi kumwacha nyumbani peke yake jioni. Mara ya mwisho nilipomwacha alitaka kuwasha jiko la mkaa, akaunguza mkono wa shati. Kwa hiyo namchukua, anakaa kiti cha mbele kabisa, karibu aguse shuka jeupe tunalotumia kuonyeshea picha, halafu anakosoa.

Anakosoa kila kitu. Wiki moja nilionyesha picha za yule Mfaransa aliyechora matunda mezani maisha yake yote. Ni picha ninazozipenda mno. Nimeanza tu kueleza, baba akasema kwa sauti ya fundi aliyekuja kukagua, "Hiyo meza imepinda. Machungwa yangekuwa chini saa hizi." Ukumbi mzima ukacheka. Na kweli meza imepinda, huyo mchoraji alifanya hivyo makusudi, mimi nimesoma kurasa kwa kurasa kuhusu huko kupinda. Baba hakutaka kusikia. Njiani kurudi akaniambia, "Nimeona meza imepinda. Na bado mnasema sioni."

Sasa, Alhamisi.

Nilikuwa nimepanga kumrudia yule mzee Mfaransa mwenye bwawa la maua, yule aliyekuwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa. Aliishi sana. Vijana waliokuja baada yake wakafa wakamwacha, yeye bado anachora bwawa lake. Nilijiandaa wiki nzima. Nikafika ukumbini, nikakuta kamati ya harusi.

Otmari alikuwa ameutoa ukumbi kwa pande zote mbili, sisi na wao. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, ninyi mnatumia giza, wao wanatumia taa. Nilidhani hamtaingiliana." Nilitafuta jibu la sentensi hiyo nikalikosa, hadi leo nalitafuta. Ikabidi tugawane. Wao nyuma na taa moja, sisi mbele na shuka letu. Nikaanza kueleza mwanga unavyocheza juu ya maji huku nyuma yangu watu wazima wanagombana kuhusu keki, iwe ya ghorofa ngapi, na shangazi wa bwana harusi akaapa kwamba hali keki yenye rangi ya zambarau.

Umeme ukakatika. Ukarudi. Projekta ikakataa kuwaka, nikaipiga kofi, ikawaka. Huo ndio ufundi wangu wote.

Nikaonyesha picha mbili kwa pamoja, moja kushoto moja kulia. Ni daraja lilelile dogo la mbao juu ya bwawa lilelile, na aliyechora ni mtu yuleyule. Ya kushoto aliichora macho yake yakiwa mazima: kijani juu ya kijani, baridi, unatamani uchovye mkono. Ya kulia aliichora uzeeni: nyekundu, kahawia, rangi ya kutu, daraja limemezwa kama limechomwa moto. Watu wakashusha pumzi. Dada Rehema akauliza, "Mwalimu, huyu mzee alipatwa na nini? Alifiwa?"

Nitasema ukweli, nilikuwa nimelingojea swali hilo. Nilipanga mhadhara mzima kwa ajili yake, na kwa ajili ya kiti cha mbele. Nikasema kwa sauti iliyonyooka kwamba alikuwa na mtoto wa jicho, na kwamba mtu akiwa na ugonjwa huo rangi zinakufa polepole, kijani na buluu vinaondoka, yeye mwenyewe hajui kwa sababu vinaondoka kidogo kidogo. Nilitegemea baba ataguna. Nilitegemea atasema nimesikia.

Baba akasema, "Mnashangaa nini? Hizo picha si ni moja?"

Nikadhani anatania. Akageuka nyuma kutazama watu, akarudi kwenye shuka, akanyoosha shingo. "Umeweka picha moja mara mbili, Deta. Hii na hii ni ileile."

Hakuna aliyecheka.

Hata kamati ya harusi walinyamaza, sijui kwa nini, labda walifikia mwafaka wa keki. Nilisimama pale na fimbo yangu ya kuelekezea, na kila nilichokipanga kikanitoka. Nilitaka apate somo. Sikutaka apate hili.

Dada Rehema ndiye aliyesema, taratibu, kama anayemwambia mteja kwamba khanga ina doa. "Baba, ya kushoto ni kijani."

"Kijani?"

"Kijani kitupu, baba. Kama mpunga."

Baba akavua kofia akaiweka gotini. Akatazama kushoto kwa muda. Halafu akaniuliza mimi, sasa siyo kama fundi, kama mwanafunzi: "Na huyo mzee walimfanyaje?"

"Walimtoa mtoto wa jicho. Jicho moja."

"Akafurahi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Ningesema ndiyo, alifurahi sana, akacheza ngoma. Nani angenibishia pale Majengo? Lakini nimefundisha maisha yangu yote, na mdomo wangu una tabia zake. Nikasema hapana, siyo mwanzoni. Alikasirika. Alimlaumu daktari. Aliona kila kitu buluu mno, akachukia picha alizochora akiwa haoni, nyingine akaziharibu. Nikaharakisha kusema baadaye alipata miwani inayomfaa, akarudi kazini, akamaliza michoro mikubwa kabisa ya maisha yake.

Baba hakusikia sehemu ya pili. "Akaziharibu," alisema. Akavaa kofia, akasimama. "Twende nyumbani."

Nikafunga mhadhara katikati. Njiani alinishika mkono kwenye kiwiko, jambo ambalo huwa hataki, na neno lake pekee lilikuwa, "Umeniaibisha." Nikamwambia sikumwaibisha, amesema mwenyewe. Akakaza hatua. Nikakaza na mimi. Tumefanana mno, hilo ndilo tatizo la nyumba hii.

Ijumaa alikataa uji. Akakataa ugali. Akakaa barazani amejifunga blanketi, uso ameuelekeza barabarani, na kila nikipita anageuza shingo upande mwingine. Mimi nikajifungia jikoni nikagonga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya swala ya Ijumaa akaja dada Rehema na mfuko wa korosho. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Akaketi karibu yake bila kukaribishwa, akaanza kumtilia korosho mkononi. Nikawaacha. Dirisha la jikoni linatazama barazani, na sikuwa na mpango wa kulifunga.

"Baba, na mimi wamenifanyia," dada Rehema alisema. "Jicho hili la kushoto."

Sikujua. Wiki zote hizo, na sikujua.

"Uongo," baba akasema.

"Wallahi. Nilikuwa nauza kitenge cha bluu nasema cheusi. Wateja wakanikimbia."

Wakatafuna korosho. Kisha baba akauliza, "Walipokufungua bandeji, uliona nini kwanza?"

"Nilimwona mume wangu. Kazeeka, baba! Nikamuuliza wewe ni nani."

Baba akacheka. Mimi niliyevunjwa jino sijamchekesha mwaka mzima. Nilisimama na mwiko mkononi nikiwaonea wivu wote wawili.

Alipomaliza kucheka akasema jambo ambalo sikuwa tayari kulisikia.

"Mimi siogopi kisu. Nimeshika patasi tangu utoto, kisu nakijua. Naogopa makaburini."

"Makaburini kuna nini, baba?"

"Msalaba wa mama yake Deta. Niliuchonga mwenyewe. Macho yalikuwa yameshaanza, sikumwambia mtu. Nilipomaliza jina nikapitisha kidole, kidole kikaniambia kuna kitu. Nikakiambia kinyamaze. Wote wakasema msalaba mzuri. Sasa nikitolewa hii kitu, kitu cha kwanza nitakwenda kule. Na kama nimekosea? Kama huyo mzee wa Deta, aliyeona akaharibu?"

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Amekosea. Sote tunajua. Mama aliitwa Filomena, na kwenye msalaba imeandikwa FILOENA. Tuliona siku ya kuubariki. Kaka yangu Gaudensi alinibana mkono, nikambana na mimi, padri akasoma sala zake akatamka jina vizuri kana kwamba limeandikwa vizuri, na kuanzia hapo ukoo mzima tukakubaliana bila kikao kwamba hakuna aliyeona. Tulimhurumia. Tulidhani ni upendo. Na kila tarehe mbili ya Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, baba akisema magoti yanamuuma, hawezi kwenda makaburini, tulisema heri magoti.

Magoti! Muda wote huu nambembeleza kwa vipeperushi vya hospitali, kwa padri, kwa mchoraji wa Kifaransa, kumbe mlango ulikuwa kwingine kabisa. Angeweza kusema. Mtu mmoja angeweza kusema. Amekuja kumwambia muuza vitenge kwa ujira wa korosho.

Nilitoka barazani na mwiko mkononi. Sikujipanga. "Baba, umeruka M."

Dada Rehema akaacha kutafuna.

"M ipi?" baba akauliza, ingawa alijua.

"Ya mama. Umeandika Filoena."

Akazirudisha korosho kwenye mfuko, moja moja, nikaanza kuhesabu dhambi zangu. Kisha: "Mlijua?"

"Tulijua."

"Gaudensi?"

"Wote, baba."

"Na padri?"

"Na padri."

Akasema neno la Kingoni ambalo siliandiki hapa kwa sababu shangazi zangu wanasoma. Akasimama, blanketi likaanguka. Nilitegemea machozi, nilikuwa hata nimejiandaa kulia pamoja naye. Hakulia. Alifoka. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu alipokuwa na karakana na wanafunzi. Alisema fundi akikosea anaambiwa siku ileile, gundi ikiwa mbichi. Alisema tumemwacha mke wake amelala chini ya jina la mtu mwingine. Alisema sisi ni watoto wa aina gani, tunaona mlango umekwenda upande na tunasema karibu.

"Tulikuonea huruma," nikasema.

"Nani aliwaomba?"

Dada Rehema alikuwa anatazama korosho zake kwa makini sana.

Kisha baba akaketi, akapumua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jumatatu nipeleke. Wakanipime, wanipangie siku yao. Nikiona, natengeneza mwingine. Na wewe na hao kaka zako mtakuja kushika mbao. Wote. Gaudensi mwambie aache visingizio vyake vya kahawa."

Nikasema sawa, baba. Nikarudi jikoni, nikakuta maharage yameungua. Nikalia hapo, mbele ya maharage, na hata sasa sijui nililia kwa furaha au kwa hasira. Nadhani hasira ilikuwa nyingi zaidi. Jambo limekwisha kwa maneno mawili. Umeruka M. Ni maneno niliyokuwa nayo mdomoni siku zote.

Jioni nilimpigia Gaudensi simu kule Mbinga anakolima kahawa. Badala ya kufurahi akanigombeza: kwa nini nimemwambia mzee, tulikubaliana. Nikamuuliza tulikubaliana lini, na wapi. Akaanza habari za kahawa. Nikamwambia baba ameshaikataa kahawa, aje kushika mbao.

Leo asubuhi baba amekunywa uji, ameomba na wa pili. Akaniagiza nitoe ubao wa mninga ulioko nyuma ya kabati lake. Nikamwambia bado hajapimwa, ana haraka ya nini. Akasema mbao lazima izoee hewa. Nikautoa, mzito kama mtu, nikajigonga mguu, nikamlazia kwenye benchi pale nje kwenye hili jua lisilofanya kazi. Akakaa mbele yake akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nitajie jina la mama yako," akasema. "Herufi moja moja."

Nilitaka kumwambia nina nguo za kufua. Nikasimama nyuma yake nikamtajia, na yeye kila herufi akaiandika kwa kidole juu ya ubao, kubwa, polepole, akipima nafasi kwa upana wa dole gumba. F. I. L. O. Nikasema M. Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka, halafu kikabaki pale chini.

Nikangoja. Sikumharakisha, na mimi humharakisha kila mtu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

Kesho ni misa. Keshokutwa ni macho. Bado nimeudhika na baba, na Gaudensi, na padri, na Otmari na ukumbi wake. Orodha ni ndefu, na mimi mwenyewe nimo. Ila naomba jambo moja tu, asiamke Jumatatu akaniambia amesikia.